Chunusi na madoa yake: acha kwanza vinavyochoma, ndipo upake dawa

Dada uliyeuliza, umesema chunusi zimekujaa mashavuni na kidevuni, umeshapaka limao, dawa ya meno na tyubu ya "kukausha haraka" uliyopewa dukani Kariakoo, na sasa una chunusi na madoa meusi kwa pamoja. Nitajibu kwa urefu, maana matatizo yako sasa ni mawili, na la kwanza likitibiwa kwa pupa ndilo linalozaa la pili.

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo. Mafuta hutoka kwa wingi, seli zilizokufa huziba mdomo wake, bakteria wanaoishi humo huongezeka, kisha panavimba. Uchafu wa juu siyo chanzo, kwa hiyo kusugua uso kwa dodoki hakutibu kitu. Ngozi yetu nyeusi nayo ikishaungua au kuvimba, iwe kwa chunusi au kwa limao, huacha doa pale pale. Dawa ikikuchoma sana, usidhani ndiyo inafanya kazi.

Hiyo tyubu igeuze usome maandishi ya nyuma. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Siku za mwanzo hutuliza uvimbe na kila mtu anakusifia; baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vinatoka vipele vidogo vinavyofanana, na ukiiacha uso unalipuka. Kama umeipaka kila siku kwa miezi, muone daktari wa ngozi akupunguzie taratibu. Mkorogo wa kujichubua nao usiuguse kabisa. Haidrokwinoni na zebaki, vinavyotiwa humo mara nyingi, vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Tanzania, na zebaki huharibu figo.

Dawa zenyewe ni chache. Asubuhi osha uso kwa mikono na sabuni laini ya maji ya usoni, siyo sabuni ya mche. Mara mbili kwa siku zinatosha. Ukishuka kwenye daladala umelowa jasho, suuza kwa maji matupu. Ngozi ikikauka, paka jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, au 5 ukikosa hiyo. Ya asilimia 10 huongeza muwasho kuliko faida. Ipake nyembamba eneo lote linalotoa chunusi, usidonoe kipele kimoja kimoja, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuzuia zile ambazo hazijaonekana. Inafuta rangi ya nguo: khanga, ushungi, foronya, vyote vitapata mabaka. Tumia taulo jeupe.

Vumilia wiki mbili na jeli hiyo peke yake, ndipo uongeze usiku adapalini ya asilimia 0.1, dawa ya kupaka inayozuia vinyweleo kuziba. Ukizianza zote siku moja, uso ukiwaka hutajua ipi imekuunguza. Ukishanawa, subiri kama dakika 20 ngozi ikauke kabisa, maana ngozi yenye unyevu hunywa dawa kupita kiasi. Kamua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, weka vitone kwenye paji, mashavu na kidevu, kisha tandaza. Kwepa macho, pembe za mdomo na mbawa za pua. Anza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ngozi ikizoea, ongeza mpaka kila usiku. Ikibanduka na kuchoma, ruka usiku mbili tatu, usiitupe. Ukiwa mjamzito au unatafuta mimba, adapalini iache. Krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ndiyo mbadala, na inafifisha madoa pia.

Juu ya dawa paka losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo. Najua joto la Dar linamfanya mtu aone losheni ni mzigo, lakini wengi huacha dawa kwa sababu ya ukavu tu. Mafuta ya nazi yasifike usoni. Kama chunusi zimejipanga kwenye paji karibu na nywele, shuku mafuta ya kichwani na ya kulainisha misuko.

Wiki ya pili hadi ya nne hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Hapo ndipo watu hukimbilia tyubu nyingine. Usihukumu kabla ya wiki 12.

Madoa hufifia yenyewe kwa miezi ikiwa hakuna chunusi mpya wala kutumbua, na ikiwa jua halikupati. Chukua sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo. Yenye rangi ya ngozi yenye madini ya chuma ni bora zaidi kwa madoa. Dawa zote nunua famasi iliyosajiliwa, siyo kwenye meza iliyoanikwa juani. Joto huharibu benzoili peroksaidi.

Vipele vidogo vya saizi moja vinavyowasha, hasa kifuani, mgongoni na kwenye paji, mara nyingi ni fangasi wa vinyweleo. Hao hawasikii dawa za chunusi, na antibayotiki huwaongeza. Shampuu ya ketokonazoli ndiyo hutumika.

Vinundu vyenye maumivu vinavyoacha mashimo, au hedhi inayoruka pamoja na ndevu kidevuni, ni vya daktari wa ngozi, kwa mfano kliniki ya Muhimbili. Anaweza kukupa antibayotiki ya doksisaiklini kwa miezi mitatu hivi. Imeze na glasi nzima ya maji na usilale nusu saa baada yake, isije ikaunguza koo. Isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, usinunue bila yeye, kwani huharibu mtoto tumboni. Nenda na kila tyubu uliyowahi kupaka, hata isiyo na lebo, aione kabla hajaandika chochote.