Mwalimu, wake wa Kijapani wakati wa vita walikua wametulia nyumbani?

SWALI: Salam alekum Mwalimu. Mimi nakaa Kisauni, juzi jioni tukinywa chai bwanangu na nduguze wakaanza stori za babu yao alopelekwa Bama (Burma, sasa Myanmar) na KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, kupigana na Mjapani Vita vya Pili vya Dunia, mara bwanangu akanigeukia, ati wake wa Kijapani waume zao wakiwa vitani walikua wametulia nyumbani wanalea, si kama nyinyi kila siku mwataka kazi mjini. Nikamwambia mwongo, walikua viwandani wanaunda ndege. Tumewekeana biriani ya kuku, tafadhali jibu haraka. (Mama wa watatu, Kisauni)

JIBU: Waalekum salam mwanangu. Mambo ya dau mimi simo, lakini kwa ukweli bwanako ana robo, wewe una nusu, na robo ilobaki hamkuiona wote wawili.

Yake kwanza. Kweli serikali ya Japani haikutaka kumtoa mke wa mtu nyumbani, waziri mkuu Tojo alipinga wanawake kuandikishwa kazi kwa lazima akisema itavunja familia ya Kijapani. Tena walitaka watoto. Mwaka 1941 ulipitishwa mpango kila nyumba izae watano ili nchi ifike watu milioni 100 kufikia 1960, na familia ya watoto kumi ilikua ishaanza kupewa tuzo tangu 1940. Kumi! Na mchele wenyewe wa resheni, kwenye miji mikubwa mtu mzima gramu 330 kwa siku.

Sasa hilo neno "wametulia" ndilo silikubali kabisa. Nyumba yenyewe ilifanywa kazi ya vita. Mwaka 1940 mitaa ilipangwa kwa vikundi vya nyumba kama kumi hivi, wakaviita tonarigumi, yaani fikiria Nyumba Kumi yetu hii lakini ile huwezi kuikwepa manake resheni yapitia hapo hapo, ukikosa mkutano majirani wakuona na mchele wako uko mikononi mwao. Wanaume hawapo, kwa hivo wa kupanga foleni ni mama, wa mazoezi ya kuzima moto kwa ndoo ni mama huyo huyo na mtoto yuko mgongoni, amevaa monpe, zile suruali pana zafungwa kwenye vifundo vya miguu, kimono zimewekwa sandukuni ama zishabadilishwa na viazi kwa wakulima. Halafu kuna vyama vya kina mama, eproni nyeupe, wapeleka askari stesheni na bendera, na 1942 vyama vikubwa vikaunganishwa kimoja, ukishafika miaka 20 wewe ni mwanachama utake usitake. Huyo ndio ametulia?

Na yako sasa. Viwandani walikuako ndio, lakini wengi wa walopelekwa na serikali hawakua wake za watu, walikua wasichana hawajaolewa. Vikosi vya kujitolea viliitwa, kujitolea jina tu, Agosti 1944 ikawa amri. Wanafunzi wa kike nao wakatolewa madarasani, wengine wakagundishwa karatasi kwa gundi ya kiazi kiitwacho konnyaku kutengeneza maputo ya kubeba mabomu, na maputo zaidi ya 9,000 yakarushwa kuvuka bahari kwenda Marekani. Vidole vya watoto wa shule hivo.

Ile robo yenu nyote ni mwanamke maskini. Huyo kwani alingoja vita ndio afanye kazi? Mashamba ya mpunga walibaki nayo wao, na migodi ya makaa ya mawe, sheria ilokua yawazuia kushuka chini ililegezwa 1939. Maneno ya mke kukaa ndani, mimi naona hayakua yake hata siku moja, yalikua ya mwenye mume wa mshahara.

Vita vikaisha, na wanawake wa Kijapani kura walipiga mara ya kwanza tarehe 10 Aprili 1946, wakaingia bungeni wanawake 39. Na mwambie bwanako hiyo vita haikua Bama peke yake, pale shule ya Allidina Visram hapa Mombasa Waingereza walikaa wanafungua siri za redio za Wajapani.

SWALI: Mwalimu, nilisikia askari wa Kijapani walifunga mshipi wa nyuzi elfu, ilikua hirizi? (Kijana wa Majengo)

JIBU: Hirizi haswa, yaitwa senninbari. Mama ama mke asimama njiani na kitambaa, kila mwanamke apitae apiga fundo moja la uzi mwekundu mpaka yafike elfu. Ila mwanamke alozaliwa mwaka wa chui milia (kwa kalenda yao miaka yapewa majina ya wanyama) yeye aruhusiwa mafundo sawa na umri wake, manake mnyama huyo wasema huenda mbali sana na akarudi. Hao walitafutwa mitaani kama dawa. Wengine walishonea na sarafu ya sen tano (sen ni senti yao), kwa sababu sen nne kwa Kijapani yatamkwa sawa na mpaka wa kifo, sasa tano ishaupita.