Jibu: Ua jekundu limepanda kwenye uzio, ni yungiyungi?

Dada, umeuliza kama ua hili lililopanda kwenye uzio wako ni yungiyungi, na kama limekufa kwa kuwa limekauka; pia umesema una watoto wadogo nyumbani. Mmea wako haujafa. Ua jekundu lenye kingo za njano, petali zimegeukia juu, na baada ya masika shina lote limekauka: kwa maelezo hayo hiyo si yungiyungi wa dukani, ni mmea unaopanda uitwao kitaalamu Gloriosa superba. Ni mmea wa asili huku kwetu, ndiyo maana umejiotea wenyewe hapo Morogoro. Ukichanua tena, angalia ncha ya jani. Inarefuka na kujisokota kwenye waya au kijiti chochote inachogusa. Yungiyungi za jenasi ya Lilium zinazouzwa kwa wauza maua hazipandi hivyo. Shina la Lilium husimama lenyewe, na chini yake kuna kitunguu chenye magamba.

Wako una kiazi, mara nyingi chenye umbo la V, kimelala ardhini kikisubiri mvua. Usikimwagilie sasa, kitaoza. Ukitaka kukihamishia kwenye chungu, chimba mbali kidogo na shina na ukitoe taratibu, maana chipukizi hutokea nchani na ncha ikivunjika upande huo hauchipui. Kilaze kwenye udongo wenye mchanga usiotuamisha maji, kisha weka kijiti ambacho mmea utapandia.

Umetaja watoto wadogo, na hapo ndipo naomba uwe makini sana. Mmea mzima una sumu ya kolchisini, hasa kiazi, na kinaweza kudhaniwa ni kiazi kikuu. Kinaua. Usikihifadhi jikoni hata siku moja, na ukimaliza kuchimba nawa mikono kwa sabuni.