Maili sita kwa sita: maswali yenu kuhusu taunshipu za Marekani

Barua za safari hii zimenishangaza. Nyingi zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: zile taunshipu za mashambani huko Marekani, zenye eneo kubwa na watu wachache, ni kitu gani hasa, na takwimu zake zisomwe vipi. Nimechukua chache, nikaanza na iliyonichekesha.

Swali: Nimesoma kuhusu taunshipu yenye kilomita za mraba 93 na watu mia tano na ushei. Mji gani huo wenye eneo la jiji na watu wa harusi moja?

Jibu: Si mji. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu jina lenyewe linanukia mji. Taunshipu ya shamba ni kipande cha ardhi chenye mipaka na jina. Ndani yake kunaweza kuwa na kijiji, kanisa na maghala ya nafaka, au kusiwe na kitu ila nyumba za wakulima zilizotawanyika kando ya barabara za changarawe. Usihangaike kutafuta katikati ya mji, huenda hapana.

Tena vitu viwili vinashiriki jina hilo. Kuna taunshipu ya wapimaji, yaani mraba uliochorwa ili ardhi iuzwe. Huo hauna kiongozi wala ofisi. Halafu kuna taunshipu ya kiserikali, ngazi ndogo ya utawala iliyo chini ya kaunti, yenye viongozi wa kuchaguliwa na bajeti yake. Hii ya pili ipo katika majimbo 20 tu, mengi yakiwa ya kaskazini-mashariki na yale yanayozunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na zote pamoja zinapita 16,000. Wisconsin, New York na majimbo ya New England, yaani yale ya kona ya kaskazini-mashariki kabisa, wanaiita "taun" tu, basi mkanganyiko unazidi. Ukienda Montana utaukuta mraba wa wapimaji kwenye hati za mashamba, lakini hakuna anayeutawala kama mraba.

Kwa hiyo unaposoma "watu 560", hao ni watu waliohesabiwa kuwa wakazi ndani ya mipaka fulani. Haina maana kwamba wanajuana au wananunua mkate duka moja. Mara nyingi mraba ulitangulia, wenyeji hao wakaja baadaye.

Swali: Mbona eneo linajirudia? Nimeangalia taunshipu nyingi, zote zinacheza kwenye 93: mara 92.8, mara 93.4. Wamenakiliana?

Jibu: Umeona vizuri. Maili 6 kwa maili 6 ni maili za mraba 36, na hizo ni kilomita za mraba 93 na nukta mbili.

Chanzo ni sheria ya ardhi ya mwaka 1785. Marekani ilikuwa imetoka vitani na madeni shingoni, na Bunge lake la wakati huo halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Ilichokuwa nacho, au ilichodai kuwa nacho, ni ardhi ng'ambo ya Mto Ohio, ambako Washawnee, Walenape na mataifa mengine ya wenyeji wa asili walikuwa wanaishi na hawakuwa na nia ya kuondoka. Ikaamuliwa ardhi ipimwe kwanza ndipo iuzwe, kwa bei isiyopungua dola 1 kwa ekari. Septemba 1785 Thomas Hutchins, aliyekuwa na cheo cha Mwanajiografia wa Marekani, akaanza mstari wa kwanza kwenye ukingo wa Mto Ohio, karibu na ulipo leo mji wa East Liverpool.

Kipimo chao kilikuwa mnyororo wa chuma wenye urefu wa futi 66 na pingili 100. Minyororo 80 ndiyo maili. Mmoja anavuta mbele, mwenzake ameshika nyuma, wengine na mashoka wanafyeka njia. Wakifika kona wanasimika nguzo au wanachonga alama kwenye mti. Mraba wa maili sita ukagawanywa viraka 36 vya maili moja moja, kila kimoja ekari 640. Viraka hivyo huitwa seksheni. Tangu 1796 namba zake zinakwenda kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa shamba: 1 iko kona ya kaskazini-mashariki, zinaelekea magharibi hadi 6, zinashuka mstari mmoja, zinarudi mashariki hadi 12, na hivyo hivyo mpaka 36 kule kona ya kusini-mashariki. Seksheni ya 16, inayogusa kitovu cha mraba, ilitengwa kwa ajili ya shule: ama shule ijengwe pale, ama ardhi ikodishwe au iuzwe na fedha ziende shuleni. Mimi hicho kipengele hunivutia kuliko vyote. Mwalimu hajafika, fungu lake limeshatengwa.

Sasa zile nukta zinazoyumba. Dunia ni mviringo, na mistari inayoelekea kaskazini hukaribiana kadiri inavyopanda. Kwenye latitudo 45, upande wa juu wa taunshipu ni mfupi kuliko wa chini kwa kama mita 15. Ongeza mnyororo uliolegea, kinamasi, na mpimaji aliyelipwa kwa maili kiasi kwamba hakuwa na sababu ya kukawia. Tofauti zote hizo zilisukumiwa kwenye seksheni za ukingo wa kaskazini na magharibi, ndiyo maana mwenye shamba katika seksheni ya 6 mara nyingi ana ekari pungufu au za ziada, na hati yake inasema hivyo.

Swali: Mwanangu yuko Ohio, anasema taunshipu yao ni maili tano kwa tano. Binamu yake yuko Pennsylvania, yao haina umbo lolote. Nani anatudanganya?

Jibu: Hakuna anayekudanganya, mama. Kaskazini-mashariki mwa Ohio ilikuwa ardhi iliyobakizwa na jimbo la Connecticut, na wapimaji wake walitumia maili tano. Kwa hiyo huko utakuta kilomita za mraba kama 65. Pennsylvania ilishakaliwa na kugawanywa kabla ya sheria ya 1785. Mipaka yake inafuata vijito, migongo ya vilima na mashamba ya zamani yaliyopimwa kutoka mti huu hadi jiwe lile. Kila kipande cha ardhi cha Pennsylvania kiko chini ya mamlaka fulani ya mtaa, na kati ya mamlaka hizo zote ni moja tu, Bloomsburg, inayoitwa rasmi mji wa aina ya "taun". Huo ni mchezo wa maneno ya kisheria. Mwanao asikusumbue nao.

Swali: Kwa nini takwimu zinatenga nchi kavu na maji?

Jibu: Kwa sababu watu hawalali ziwani. Msongamano hupigwa kwa nchi kavu peke yake. Taunshipu ya ndani inaweza kuwa na maji chini ya asilimia moja, bwawa na kijito basi; iliyo kando ya Ziwa Superior inaweza kuwa na maji mengi mno, na ukigawa watu kwa eneo lote utapata ardhi inayoonekana tupu kuliko ilivyo.

Swali: Watu 6 kwa kilomita ya mraba. Ina maana kila mtu yuko mbali na mwenzake?

Jibu: Wastani hauna macho. Hebu tuutazame mraba wenyewe. Barabara mara nyingi zinapita kwenye mipaka ya seksheni, kila baada ya maili moja, na nyumba zimepangwa kando ya barabara hizo. Katikati ya seksheni kuna mahindi au soya na hakuna mtu. Kisha kona moja yenye ziwa dogo ina nyumba 40 zilizobanana, na ng'ambo ya pili unaweza kutembea nusu saa bila kuona sanduku la barua. Wastani wake ni ule ule 6.

Kuna mtego mwingine hapa, nao hauandikwi pembeni ya takwimu. Kijiji kilichomo kinahesabiwa wapi? Michigan, wakazi wa kijiji rasmi ni wakazi wa taunshipu pia, lakini wakazi wa jiji si wake. Wisconsin, kijiji kikishasajiliwa kinajitoa kabisa. Matokeo yake unapata taunshipu iliyotobolewa katikati: watu wameingia kwenye tundu, mashamba yamebaki pembeni. Ukiona idadi imeshuka ghafla kati ya sensa mbili na eneo nalo limepungua, usitafute ukame wala ugonjwa, mji jirani umejimegea kipande. Eneo liangaliwe kwanza, ndipo watu.

Swali: Mashamba bado yapo na mavuno yanaongezeka. Watu wanakwenda wapi?

Jibu: Wanapungua kwa njia mbili, na ya pili husahaulika.

Ya kwanza ni shamba kumeza shamba. Sheria ya makazi ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, robo ya seksheni, kwa sharti la kuishi na kulima miaka mitano. Seksheni moja, familia nne. Mraba mzima ukijaa kwa mtindo huo ni familia 144. Trekta na mashine ya kuvunia zikafanya mtu mmoja aweze kulima seksheni nzima, kisha kadhaa. Jirani aliyeuza alihama na watoto wake, shule ndogo ikafungwa, duka likafuata.

Ya pili iko ndani ya nyumba. Mwaka 1900 kaya ya Marekani ilikuwa na wastani wa watu 4.6, siku hizi ni karibu 2.5. Taunshipu yenye nyumba 200 zilizokaliwa, isiyopoteza hata moja, ingeshuka kutoka watu 920 hadi 500 kwa sababu hiyo tu. Nyumba ile ile, taa ya jikoni ile ile, ila mezani wamebaki wazee wawili. Ndipo unapokutana na umri wa kati wa miaka 47 au 50, maana yake nusu ya wakazi wako juu ya umri huo na nusu chini. Kwa nchi nzima, sensa ya 2020 ilitoa 38.8.

Swali: Idadi ndogo kiasi hicho inaaminika? Mtu mmoja akisafiri si imeharibika?

Jibu: Kusafiri hakuharibu, kwa kuwa sensa yao, inayofanyika kila miaka kumi tangu 1790, humhesabu mtu mahali anapoishi na kulala siku nyingi. Sheria hiyo ina matokeo ya ajabu: gereza likijengwa katika taunshipu ya shamba, wafungwa wanahesabiwa hapo. Idadi inaruka, wanaume wanawazidi wanawake kupita kiasi, na hakuna nyumba mpya hata moja.

Kinachoharibu zaidi siku hizi ni cha makusudi. Katika sensa ya 2020 Ofisi ya Sensa iliongeza makosa madogo ya bahati nasibu kwenye hesabu za maeneo madogo, ili mtu asiweze kutambuliwa kwa umri au rangi yake. Jumla ya jimbo haikuguswa, wala idadi ya nyumba. Kijiji cha Monowi, Nebraska, kilikuwa maarufu kwa kuwa na mkazi mmoja katika sensa ya 2010. Sensa ya 2020 ikaandika wawili. Hakuna aliyehamia, yule wa pili alizaliwa kwenye kompyuta. Kwa jiji la watu laki tano kosa la mmoja ni vumbi. Kwa taunshipu ya watu 80, msijenge hoja juu ya ongezeko la watatu.

Swali: Hao viongozi wa taunshipu wanafanya nini siku nzima?

Jibu: Siku nzima hawako ofisini, wengi ni wakulima. Ohio kila taunshipu ina wadhamini watatu na ofisa wa fedha. Kazi kubwa ni barabara: changarawe, mitaro, theluji ya usiku. Halafu makaburi, zimamoto, na ugomvi wa uzio. Minnesota wakazi hukutana Jumanne ya pili ya Machi kila mwaka, wanapiga kura kuhusu kodi watakayojitoza wenyewe.

Swali: Kwa nini kuna Washington kila mahali?

Jibu: Kwa sababu kila kaunti ilitaka wake. Indiana na Ohio zina makumi ya taunshipu za jina hilo. Taja kaunti, la sivyo umepotea.

Swali: Naweza kuuona huo mraba bila kwenda?

Jibu: Fungua ramani ya picha za setilaiti, nenda Iowa au Dakota Kaskazini, uone kitambaa cha drafti. Kisha chagua barabara moja inayoelekea kaskazini, uifuate bila haraka. Wapimaji waliweka mistari ya kusahihisha, mara nyingi kila maili 24, ambapo miraba ilianza upya kwa upana wake kamili. Barabara ikifika hapo hukatika. Inapinda kulia au kushoto makumi ya mita, wakati mwingine zaidi ya mia, kisha inashika tena njia yake ya kaskazini, na pale kwenye kona ya ghafla utaona alama za matairi ya walioisahau usiku.