Tovuti yangu haifunguki kwa laini moja, tugome?

SWALI: Kaka Fundi, habari za kazi. Niko Arua, Uganda, nina tovuti ndogo ya bei za soko: samaki angara wa Panyimur, simsim, maharage, na bei za Ariwara, Kongo, ng'ambo ya mpaka. Tangu wiki iliyopita, wenye laini ya kampuni fulani hawaipati, kile kiduara kinazunguka tu. Kwa laini nyingine inafunguka palepale. Kundi letu la wenye tovuti linataka tuzime tovuti zote siku nzima, kama walivyofanya Marekani, kudai kampuni za simu zisichague kipi kipite na kipi kizuiwe. Nijiunge? – Mama Bei, Arua

JIBU: Dada yangu, usizime kitu kwanza. Chukua daftari. Weka laini inayosumbua, jaribu asubuhi, mchana na usiku, uandike tarehe, saa na maneno yanayotokea kwenye kioo. Kisha washa VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa njia nyingine, kwenye laini hiyohiyo. Najua unayo, mwaka 2018 tulipotozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kuingia WhatsApp na Facebook, hata shangazi yangu asiyejua kutuma picha aliijua VPN. Tovuti ikifunguka kwa VPN, basi yaelekea tatizo liko kwenye njia ya kampuni, haliko kwako.

Hapo bado usipige kelele za udhibiti. Nasema hivi kwa sababu nimeshaaibika. Niliwahi kuhamisha tovuti ya mteja siku ya Ijumaa, Jumatatu laini moja ikawa haiioni, nikaandika barua kali nikiishutumu kampuni hiyo kwa kutuzuia. Kumbe mitambo yao ilikuwa bado inakumbuka anwani ya zamani na kuwapeleka watu kwenye nyumba tuliyokwisha kuihama. Siku mbili baadaye ikajirekebisha yenyewe, na barua yangu ilikuwa imeshafika.

Tena muulize anayekukodishia nafasi ya kuweka tovuti: tovuti ngapi zinatumia anwani moja na yako ya IP, yaani ile namba ya mtambo tovuti inapokaa? Nafasi za bei nafuu ni kama chumba cha kupanga cha watu wengi. Julai 2005 kule Kanada, kampuni ya simu na intaneti ya Telus, ikiwa kwenye mgogoro na wafanyakazi wake, ilizuia tovuti ya waliounga mkono chama cha wafanyakazi hao. Ilizuia kwa anwani, na mamia ya tovuti zisizohusika kabisa zikafungiwa pamoja nayo. Huenda anayelengwa ni jirani yako, wewe umepigwa kwa kukaa naye.

Sasa mgomo. Wikipedia ya Kiingereza ilizima siku nzima tarehe 18 Januari 2012 kupinga miswada ya Bunge la Marekani ya kupambana na uharamia wa kazi za watu mtandaoni, na siku mbili baadaye miswada ikawekwa kando. Lakini ile ni Wikipedia; ikikosekana, dunia inauliza. Tovuti yako ikizimwa Arua, nani atajua kwamba ni mgomo? Sisi mwaka 2021 tulizimiwa intaneti jioni ya tarehe 13 Januari, kesho yake tukapiga kura, ikarudi tarehe 18. Msomaji akikuta giza atasema, haya, wameanza tena, ataweka simu mfukoni. Na yule mama anayetaka bei ya angara kabla gari halijaondoka alfajiri, mtakuwa mmemwadhibu yeye, siyo kampuni.

Iga ile ya tarehe 10 Septemba 2014. Tovuti za Marekani, zikiwemo Netflix na Reddit, ziliweka kiduara cha kusubiri juu ya kurasa zao, lakini zenyewe zilifunguka kama kawaida. Anayebonyeza alipelekwa moja kwa moja kulalamika kwa wahusika. Februari 2015 kanuni za usawa wa mtandao, za kukataza kampuni kuchagua kipi kipite, zikapita. Sikufichi, Desemba 2017 zikafutwa, na Januari 2025 mahakama ikazuia zisirudishwe. Basi msitegemee siku moja.

Ila kuna jambo ambalo kundi lenu halijaligusa, na mimi ndilo linaloniuma. Wasomaji wako wangapi wanakuomba uwarushie bei WhatsApp? Siyo uvivu huo. Wamenunua bando la WhatsApp peke yake kwa sababu ni la bei rahisi, na kwenye bando hilo tovuti yako haipo. Hakuna aliyekufungia mlango, wamepandisha tu nauli ya kuja kwako. India walilikataa hilo: mwaka 2015 watu walimtumia mdhibiti wao barua pepe zaidi ya milioni moja, na Februari 2016 akapiga marufuku kutoza bei tofauti kulingana na mtu anafungua nini. Huduma ya bure ya Facebook, iliyofungua tovuti chache tu zilizochaguliwa, ikafungasha virago. Mkiandika tangazo lenu, andikeni na bando.

Kwa tatizo lako la wiki hii, anza na kampuni yenyewe. Peleka daftari, dai namba ya malalamiko, usikubali kuambiwa "zima uwashe". Wakikaa kimya, chukua namba hiyo upeleke malalamiko Tume ya Mawasiliano, makao yao yako Bugolobi, Kampala. Wenzako kwenye kundi wafanye majaribio hayohayo kwa laini hiyo. Daftari kumi kutoka Arua, Koboko na Nebbi zitasumbua kuliko kurasa kumi nyeusi.