Nani kapandikizwa sikio?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninatafsiri kipeperushi kuhusu kile kifaa cha umeme anachowekewa ndani ya sikio mtu asiyesikia kabisa. Kila ninapotazama nakuta jina lake: kipandikizi cha koklea, kifaa cha kusikilizia, shimesikio la ndani. Juzi nikasoma kichwa cha habari, "Watoto waponywa uziwi kwa kupandikizwa masikio." Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shika la kwanza, kipandikizi cha koklea (koklea ni kile kiungo cha ndani ya sikio kinachopokea sauti), ila usilishike kabla hujajua kifaa chenyewe kinafanya nini.

Kichwa hicho cha habari kitupe kando. Hakuna mtoto aliyepandikizwa sikio. Sikio lake ni lile lile alilozaliwa nalo. Kilichoingizwa ndani ni uzi mwembamba wa silikoni wenye vipande vidogo vya platini, ndizo elektrodi, na kidude kinachoupokelea umeme kimelazwa chini ya ngozi nyuma ya sikio. Na "waponywa" nalo limezidi. Mtoto akivua sehemu ya nje ya kifaa, anarudi kwenye kimya chake. Andika "wasaidiwa kusikia", inatosha.

Shimesikio ni neno zuri, lakini lina mwenyewe. Shimesikio hukuza sauti, basi. Huwafaa wale ambao ndani ya sikio bado wana seli zenye vinyweleo za kuipokea hiyo sauti. Seli hizo zikifa, kukuza sauti ni kumbishia hodi kwa nguvu mtu aliyekwisha kuhama. Kipandikizi hakikuzi kitu. Maikrofoni iliyo nje inanasa sauti, prosesa, yaani kompyuta ndogo, inaichambua, taarifa inavuka ngozi kwa mawimbi ya redio, kisha elektrodi zinaigusa neva ya kusikia kwa umeme. Seli zilizokufa zimerukwa. Ukikiita shimesikio la ndani, msomaji atadhani ni kile kile cha zamani kilichosogezwa ndani.

"Kifaa cha kusikilizia" kinanikera zaidi, maana hapo tunachanganya kusikia na kusikiliza, na historia yote ya kifaa hiki imo katika tofauti ya namna hiyo. Mwaka 1957 huko Paris, André Djourno na Charles Eyriès walimwekea mtu waya wa kusisimua neva ya kusikia. Alisikia sauti, na mdundo wake akautambua, lakini mazungumzo hakuyaelewa. Daktari William House alipoanza majaribio yake Los Angeles mwaka 1961, akaja kuendelea na kifaa chenye njia moja tu ya umeme, mambo yalifanana: mlango ukigongwa mtu anajua, maneno yakipanda na kushuka anajua, ila yanasema nini, mara nyingi ilibidi atazame midomo. Walisikia, hawakuelewa. Miongoni mwa walioleta vifaa vya elektrodi nyingi ni wahandisi Ingeborg na Erwin Hochmair mjini Vienna mwaka 1977, na daktari Graeme Clark huko Melbourne mwaka 1978. Hata hapo kulikuwa na tatizo: elektrodi zikitoa umeme kwa pamoja, mikondo inaingiliana. Mwaka 1991 mtafiti Blake Wilson na wenzake walichapisha mbinu ya kuzifanya zipokezane, kila moja na zamu yake, kwa kasi kubwa sana. Maneno yakaeleweka vizuri zaidi bila midomo kutazamwa. Kwa hiyo kifaa ni cha kusikia. Kusikiliza ni kazi ya mwenye sikio, tena hujifunza kwa miezi.

Sasa koklea. Asili yake ni Kigiriki, neno la konokono, kwa kuwa kiungo chenyewe kimejizungusha mizunguko miwili na nusu hivi. Wapo wanaopenda kuandika "konokono ya sikio", nami sina ugomvi nao mradi wapatanishe kama ndege: ndege wa mtini amepaa, ndege ya abiria imepaa. Kadhalika, konokono wa bustanini amekufa, konokono ya sikio imeharibika. Clark mwenyewe alisaidiwa na konokono, tena wa baharini. Alikuwa ufukweni mwaka 1977 akitafakari namna ya kuufikisha uzi wake mbali ndani ya mzunguko ule, akaokota kombe na kulisukumia jani la nyasi. Likaingia vizuri kwa sababu jani ni laini nchani na gumu shinani. Hata hivyo, kwenye kipeperushi tumia koklea, kisha uifafanue mara moja.

Kuna mtego ambao hukuuliza. Mwanzoni mwa koklea hupokewa sauti nyembamba, kama ya filimbi, na ndani kabisa sauti nzito, kama ya ngoma kubwa. Usithubutu kuandika "sauti za juu" na "sauti za chini". Ukimwambia Mswahili aseme kwa sauti ya juu, atapaza sauti, hataifanya nyembamba. Mgonjwa anayeulizwa kama anasikia "sauti za juu" atajibu swali jingine kabisa.

Neno kipandikizi nalo usiliache peke yake. Wengi wakisikia "amewekewa kipandikizi" wanafikiria uzazi wa mpango, na pandikizi la mtu ni jitu lenye mwili mkubwa. Andika "kipandikizi cha koklea" kila unapoanza sehemu mpya, halafu "kifaa" kitabeba zilizobaki. Kuhusu kitenzi, wapo watakaokusahihisha kwamba mtu hupandikiziwa, hapandikizwi. Wana hoja, lakini mbona sote tunachomwa sindano, wala hatuchomewi? Mimi ningekwepa mabishano yote kwa "kuwekewa".

La mwisho ni ile siku, wiki kadhaa baada ya upasuaji, ambapo kifaa huanza kazi. Andika "siku kifaa kitakapowashwa". Nimewahi kuona rasimu yenye "siku mgonjwa atakapowashwa", na kwa mtu mwenye kidonda kinachopona nyuma ya sikio, hiyo haihitaji kupangiwa tarehe.