Usiifute Mistari Michungu

Juma lililopita mwalimu mmoja wa Lamu aliniandikia. Wanafunzi wake wanataka kuigiza Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, The Merchant of Venice, iliyotoka 1969, lakini mkuu wa shule ametoa sharti: matusi yote ya dini na rangi yafutwe kwanza. Aniuliza aanze kufuta wapi.

Usifute hata mstari mmoja, mwalimu mwenzangu. Majuzi vijana wangu hapa Malindi waliucheza mchezo huo mzima mbele ya masheikh, wachungaji na wazazi waliojaa hadi nje ya mlango. Watu walitoka wakibishana, na hilo ndilo nililolitaka. Najivunia kazi ile.

Nilikuwa nikiingoja tangu nikiwa sekondari. Mwaka huo shule yetu iliigiza mchezo huu huu, nami nikapewa nafasi ya Mwanamfalme wa Moroko. Sikujaribiwa sauti. Mwalimu alitazama weusi wangu, akasikia jina langu la Kigiriama, akasema, "Huyu ndiye." Moroko anaingia kumposa Portia, binti tajiri ambaye wachumba wake hujaribu bahati kwa kuchagua sanduku moja kati ya matatu, akimsihi asimchukie kwa rangi aliyopewa na jua. Anachagua sanduku la dhahabu, anakosa, anaondoka. Mgongo wake haujapotea, Portia anaomba kila mwenye rangi ile achague vivyo hivyo. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na walimu wakacheka kuliko wanafunzi. Niliitwa Moroko mpaka namaliza shule. Miaka imepita, bado linauma.

Mstari ule ungefutwa, nisingechekwa usiku ule, lakini waliocheka wangebaki na fikra zao zile zile. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama baada ya onyesho na kuwauliza: mmecheka nini?

Basi, wafundishe historia kabla ya mazoezi. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi Uingereza mwaka 1290, wakaja kuruhusiwa tena 1656. Shakespeare aliandika katikati ya muda huo, na mchezo ukachapwa 1600, kwa watazamaji ambao wengi wao walimjua Myahudi kwa kusimuliwa tu. Venisi yenyewe iliwatenga Wayahudi katika mtaa wao tangu 1516, na milango yake ilifungwa usiku. Kijana akishajua hayo, Antonio, mfanyabiashara Mkristo, anapomtemea mate Shylock, Myahudi mkopesha fedha, na kumwita mbwa, hatacheka ovyo.

Wala usimgeuze Shylock kuwa malaika. Ananoa kisu mbele ya mahakama, anataka kweli ile ratili ya nyama ya mwili wa Antonio waliyoandikiana deni lisipolipwa. Mtu aliyeonewa anaweza kuwa mkatili, na watoto wetu wanalijua hilo kuliko tunavyodhani.

Nasikia pingamizi tayari, kwa kuwa nililisikia hapa pia: wakati huu ambapo habari za Palestina zinatuumiza, kwa nini tumhurumie Myahudi? Kwa sababu hasira juu ya serikali na jeshi lake si ruhusa ya kumtukana mtu kwa dini aliyozaliwa nayo. Sisi Waislamu na Wakristo wa pwani tunaoishi ukuta kwa ukuta tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Shylock anapolazimishwa kubadili dini ili aachiwe uhai na sehemu ya mali yake, wazee wetu hawakuhitaji maelezo.

Kuna hotuba moja ambayo wengi huikata kwa kuokoa muda, nami nakusihi uilinde. Shylock anawaambia wakuu wa Venisi: mnao watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa. Nikiwaambia muwaache huru, muwaoze watoto wenu, mtanijibu kwamba ni mali yenu. Na nyama hii ni yangu, nimeilipia. Hoja hiyo hakuna anayeijibu. Itamke Malindi, mji ambao mashamba yake ya nafaka karne ya 19 yalilimwa na watumwa, katika pwani ambayo utumwa ulifutwa kisheria 1907! Wapo kati yetu ambao mababu zao walimiliki watu, wapo ambao mababu zao walimilikiwa, na tunapanga foleni moja kununua samaki. Bado familia zinakataa posa kwa sababu ya ukoo na rangi, kisha zinasema ubaguzi ni mambo ya Wazungu. Tuache unafiki huu. Mungu hakutuuliza tulitaka kuumbwa wapi.

Kwenye mazoezi, wabadilishe nafasi: anayetukana leo atukanwe kesho. Usimpe Moroko yule mweusi kuliko wote. Mpe mwenye sauti. Na uwakumbushe kuna mwanamke Mmoro, yaani mweusi wa Afrika, aliyetiwa mimba na Launcelot, mtumishi mchekeshaji, anatajwa kwa mzaha na wala hapewi neno la kusema. Wanangu walimjadili yeye kuliko Portia.

Mkuu wako akiendelea kukataa, msomee hotuba ile ya watumwa, wewe mwenyewe, ofisini kwake. Kisha mwombe akuonyeshe neno analotaka lifutwe.