Fundi wa Sauti Anajibu: Maiki Ikae Wapi?

Mwezi huu mmeniandama na maiki za kamera tu. Nimechagua maswali matano. Yaliyokuja na picha ya risiti nimeyaweka kando, maana mtu akishalipa hatafuti ushauri, anatafuta kupongezwa.

*Shikamoo fundi. Napiga video za harusi Morogoro kwa Canon 700D. Nimenunua maiki ile ndefu ya kupachika juu ya kamera. Nje inanyoosha vizuri, lakini ukumbini na msikitini maneno yanasikika kama mtu anaongea ndani ya simtanki. Nijichange ninunue ya bei kubwa zaidi?*
*— Kijana wa Morogoro*

Marahaba. Usijichange. Ukinunua ya milioni ukaipachika palepale juu ya kamera, utapata simtanki lilelile, tena linasikika vizuri zaidi.

Nalijua tatizo lako kwa sababu lilishanitia aibu. Enzi za kamera za mkanda niliitwa kupiga nikahi msikitini, Ilala. Nilikaa safu ya tatu, kamera kwenye stendi, maiki juu yake. Walii akamshika bwana harusi mkono, akatamka kuozesha, na kijana, ambaye tangu asubuhi alikuwa anafuta jasho, akajibu kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani: nimekubali. Mara moja tu. Msikitini husemi "kata, turudie". Nyumbani nikaweka mkanda nisikilize: pangaboi. Kamera ilikuwa kwenye oto, yaani inajipangia kiwango cha sauti yenyewe, na oto ikikuta kimya inatega masikio mpaka basi. Ilinipandishia pangaboi, viatu mlangoni, na kikohozi cha mzee mmoja kikawa radi. "Nimekubali" ilizama chini ya vyote hivyo. Mama mzaa bibi harusi aliniuliza mara tatu: "Baba, mbona mkwe hajajibu?"

Mita nne ndizo zilizoniponza. Sauti ikitoka mdomoni inatawanyika, na kila umbali ukizidi mara mbili, ile inayokufikia moja kwa moja inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Kutoka sentimita 25 mpaka mita 4, umbali umezidi mara mbili kwa hatua nne, kwa hiyo desibeli 24 zimekwenda na maji. Mwangwi wa ukumbi haupungui hivyo, uko karibu sawa kila kona. Ni mchuzi uleule, ila kila ukirudi nyuma unaongezewa maji.

Sasa itazame hiyo maiki yako ubavuni, utaona mianya. Sauti ya pembeni inaingia kwenye mianya hiyo kwa nyakati zinazopishana kidogo, ikikutana ndani ya bomba inajifuta yenyewe. Ya mbele inafika kwa pamoja, inapita. Ni ujanja mzuri sana uwanjani. Ndani ya ukumbi wa vigae na kuta tupu, sauti ya MC imeshagonga ukuta na kurudi mpaka kwa mbele, na bomba haliwezi kujua ipi ya mdomoni na ipi ya ukutani. Besi nayo haifutiki na bomba fupi kama hilo.

Siku hizi kwenye nikahi namwekea bwana harusi rekoda ndogo mfukoni, na maiki ya kubana kwenye kanzu, shubiri moja chini ya kidevu. Kanzu iliyotiwa wanga inakwaruza, kwa hiyo maiki naibandika kwa plasta ya hospitali ndani ya ukingo wa shingo, na waya naukunja kitanzi kidogo ili ukivutika usiing'oe. Rekoda naiweka kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, sawa na kamera. Vyote vikishaanza kurekodi napiga kofi moja mbele ya kamera, na kofi hilo ndilo ninalolitumia kuoanisha sauti na picha kwenye kompyuta. Mwombe ruhusa kwanza, na mkimaliza izime. Bwana harusi ana maneno mengi baadaye ambayo hayakuhusu.

Maiki za wayalesi ni nzuri, lakini nyingi za bei ya kati zinatumia gigahezi 2.4, njia ileile ya Wi-Fi, na mwili wa mtu, ambao sehemu kubwa ni maji, unaizuia. Akikupa mgongo, inaanza kukatakata. Kifuani ni salama kuliko mfuko wa nyuma.

Maiki ndefu usiiuze. Ishushe kwenye kamera, ifunge kwenye stendi ya taa, tia waya wa kurefusha wa mita tatu, kisha uiinamishe kutoka juu, nje kidogo ya picha, iwaelekee walii na bwana harusi. Maiki inayotazama chini inakutana na zulia, na zulia halirudishi sauti kama ukuta. Toa oto, weka kiwango kwa mkono, mistari icheze karibu na 12 chini ya sifuri mtu akisema kwa nguvu. Ikigusa sifuri sauti imeshapasuka. Acha na nafasi ya vigelegele, mashangazi hawatoi taarifa. Kama maiki ina swichi ya kuongeza desibeli 20, iwashe halafu kiwango cha kamera ukishushe karibu na mwisho, maana kikuza sauti cha ndani ya kamera hizi kina "shhh" yake kama mvua ya mbali. Na kwa kuwa 700D haina tundu la hedifoni, rekodi sekunde kumi, icheze, isikilize, ndipo uanze kazi.

*Fundi, mimi narekodi video za mapishi nyumbani. Nimenunua maiki ya kubana kwenye nguo, waya wake mrefu sana, una kiboksi kidogo. Kwenye simu ya mwanangu inasikika, kwenye kamera kimya. Wameniuzia mbovu?*
*— Mama wa Chumbageni, Tanga*

Dada yangu, kabla hujarudi dukani kugombana, shika hicho kiboksi. Kwa maelezo yako hiyo ni Boya BY-M1 au dada yake: waya wa mita 6, klipu, na swichi kwenye kiboksi. Swichi ikiwa upande wa simu, simu ndiyo inayoilisha maiki umeme. Ikiwa upande wa kamera, maiki inakula betri yake yenyewe, ya kidonge, aina ya LR44, inayokaa humohumo ndani. Fungua uone kama betri imo. Ukimaliza kupika rudisha swichi, la sivyo betri italika usiku kucha na kesho utanitafuta mimi.

Ikibaki kimya, tazama pini. Yenye mistari myeusi mitatu imetengenezwa kwa simu, yenye miwili ndiyo ya kamera. Kamera nyingine zinaipokea ya mitatu bila neno, nyingine zinagoma. Adapta ndogo inamaliza ugomvi, ila mwambie muuzaji hivi: "mitatu kwenda miwili". Ipo ya kinyume chake na zinafanana kama pacha.

Usiifiche maiki chini ya mtandio wa satini, utasikia satini tu. Ibane nje, kwenye aproni, kifuani. Feni zima. Friji nalo lizime kwa hizo dakika ishirini, na funguo za nyumba ziweke ndani ya friji. Ndiyo, ndani. Huwezi kutoka nyumbani ukasahau kuliwasha. Vitunguu vikianza kurindima kwenye mafuta, nyamaza kwanza, sogeza maiki karibu na kikaango, mbali na mvuke, urekodi nusu dakika ya sauti hiyo peke yake. Utaipachika wakati wa kuhariri, na watu watameza mate.

*Fundi, Canon 2000D yangu tundu la maiki liko upande gani?*
*— Msomaji, Kahama*

Halina upande, kwa sababu halipo. Usiendelee kulitafuta, wala usikubali fundi simu akutobolee. Rekoda mfukoni na kofi moja, kama nilivyomweleza kijana wa Morogoro. Hata simu ya pili inatosha, iwe kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati ya dua.

*Bwana Yesu asifiwe, fundi. Nachukua sauti ya kwaya kutoka kwenye mikisa kwa waya mpaka kwenye tundu la maiki la kamera. Inapasuka hata nikishusha kiwango cha kamera mpaka mwisho. Kosa liko wapi?*
*— Mhudumu wa mitambo, Mwanza*

Amina. Mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki zote, inatoa umeme wa volti moja hivi, na tundu la maiki la kamera linatarajia milivolti chache. Ni tofauti ya mamia ya mara. Kushusha kwenye menyu hakusaidii kwa sababu sauti inapasukia mlangoni, kabla haijafika kwenye menyu. Umemimina ndoo kwenye kijiko, halafu unahangaika kukausha meza.

Tafuta waya wenye kipunguzi, wa desibeli 30 au 40 hivi. Chukua sauti kwenye njia ya AUX, yaani njia ya pembeni yenye kiwango chake, usichukue kwenye laini kuu inayokwenda kwenye spika, ili kijana wa mikisa akiongeza spika kwa sababu mchungaji amepanda madhabahuni, kamera isishtuke. Kama kamera yenu ni ya video yenye matundu ya XLR, yale ya duara ya pini tatu, ina swichi ya MIC (sauti ndogo ya maiki) na LINE (sauti kubwa ya mikisa). Iweke LINE, na ile ya 48V, umeme wa kulisha maiki, uizime.

Ukisikia mngurumo usiokoma, huo ni umeme wa ukutani, hezi 50. Chomoa chaja ya kamera, tumia betri. Mngurumo ukinyamaza, mwizi umempata.

Hata ukifanikiwa, maiki ya kamera usiizime moja kwa moja. Mikisa inasikia kile tu kilichowekewa maiki. Niliwahi kumpelekea mteja mmoja tamasha zima la kwaya la kutoka kwenye mikisa, safi kama studio, na akaniuliza kwa upole kama siku ile watu hawakufika. Makofi, waumini wakiitikia, mtoto akilia nyuma: vyote vilikuwa hewani, mimi nilichukua waya peke yake. Kama kamera ina njia mbili, moja iwe ya waya, moja ya hewani. Kama haina, waya uupeleke kwenye rekoda yenye tundu la LINE, maiki ya kamera iendelee. Ukichanganya kumbuka kwamba sauti hewani inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ukikaa mita 27 kutoka jukwaani, kwa video ya picha 25 kwa sekunde, ya hewani itachelewa picha mbili nyuma ya ile ya waya. Isogeze, ama kwaya yako itaimba mara mbili.

*Fundi, tunafanya mahojiano Forodhani, Unguja. Maiki ina ile sponji yake nyeusi lakini upepo unatuulia kila kitu.*
*— Vijana wawili wenye kamera moja*

Wanangu, sponji hiyo inazuia pumzi ya mdomo. Kusi hailijui. Mnahitaji koti la manyoya marefu, lile linaloifanya maiki ifanane na paka aliyetoka kuoga. Manyoya yanauvunja upepo vipande vidogo kabla haujagonga kiwambo, ile ngozi ya ndani ya maiki inayopokea sauti. La dukani likiwa ghali, nunueni kitambaa cha manyoya ya bandia, kile cha midoli, fundi cherehani awashonee kifuko cha kuvalishwa juu ya sponji bila kuibana. Kwenye maiki kuna alama ya mstari ulionyooka halafu ukainama upande wa kushoto: iwasheni, inakata mngurumo wa chini ambao mdomo wa mtu hauutumii sana.

Kisha mmoja wenu, yule asiyeshika kamera, asimame upande unakotoka upepo na kanga ameitanua kwa mikono miwili. Ikishindikana kabisa vukeni barabara, ombeni ruhusa muingie Ngome Kongwe, mkae chini ya ukuta. Mtapoteza bahari kwenye picha. Bahari mnaweza kuipiga baadaye bila sauti.